Taa ya Kushoto ya Bwana Pirotte

Jumamosi, baada ya king'ora cha atelye, karakana ya reli, kulia, Kyungu alikwenda kwenye banda la Bwana Pirotte kubadilisha taa ya kushoto ya kigari chake chekundu. Hakwenda kwa kupenda. Wiki nzima alikuwa amelala chini ya mabehewa akihangaika na breki, mgongo ulimuuma, na uani kwake kulikuwa na wageni wa kilio ambao hawakuonyesha dalili yoyote ya kuondoka. Lakini Bwana Pirotte alikuwa mnunuzi wa pamba, na wanunuzi wa pamba hawana subira hata na jua.

Kigari chenyewe kilikuwa cha mbio, cha viti viwili, kilichotengenezwa Ulaya kabla ya vita, kikaletwa kwa meli hadi Lobito na kutoka huko kwa treni. Kamina nzima haikuwa na barabara ya kukifaa. Kilikaa chini mno, mashimo ya njia ya Kabongo yakakikwaruza tumbo, na taa zake mbili zilisimama nje ya mwili, kila moja juu ya mguu wake, kubwa kama masufuria. Ya kulia ilikuwa nzima. Ya kushoto ilikuwa imebonyea, kioo kimevunjika chote, mguu umepinda kwa nyuma.

“Niligonga nyama,” Bwana Pirotte alisema akiwa amesimama mlangoni na kofia mkononi. “Balabala ya Kabongo. Mbawala mukubwa.”

“Lini, Bwana?”

“Mvua ya kwanza. Weye tengeneza tu.”

Akaondoka. Kyungu akaanza kazi. Taa za namna ile zilikuwa zimeadimika, kwa hiyo alikwenda nyuma ya banda, akafungua taa ya lori bovu la pamba, akaisugua kutu, akaunyoosha ule mguu kwa nyundo, akatoboa tundu jipya na kuunga waya. Spana za reli hazikutosha kwenye bolti hata moja ya kigari kile. Alizitukana bolti kwa Kiluba, kisha kwa Kiswahili, kisha kwa maneno machache ya Kifaransa aliyoyaokota kwa msimamizi wake, na jua likaanza kushuka. Alipomaliza alifunga milango ya banda, akachora msalaba wa chaki ukutani, kwenye kimo cha taa, halafu akawasha ili aone mwanga unaangukia wapi.

Mwanga ulimwangukia mama mkwe wake.

Alisimama kati ya gari na ukuta, amevaa kile kitambaa cha buluu walichomkuta nacho mtaroni, kikapu kichwani, kuku ndani ya kikapu. Kyungu alifanya anachofanya mkwe yeyote aliyelelewa vizuri. Aligeuza uso upesi, akasogea kando hadi bega likagusa mbao, akatazama miguu yake mwenyewe. Kwao mtu hamtazami mama mkwe usoni, hali chakula mbele yake, na akikutana naye njiani humwachia njia. Ni baada ya kusimama hivyo kwa muda ndipo alipokumbuka kwamba Mama Ndaya walikwisha kumzika. Hakuona kama jambo hilo linabadilisha adabu.

“Weye kuku,” Mama Ndaya alimwambia kuku wake, maana naye hakuruhusiwa kumsemesha mkwe moja kwa moja, “ambia uyu muntu fari yake inaangalia chini sana. Minaona bidole bya miguu yangu tu.”

Kyungu alinyoosha mkono nyuma, akapapasa skrubu ya taa, akaizungusha bila kuangalia.

“Weye spana,” alisema, “uliza kuku kama sasa iko muzuri.”

“Kuku anasema iko muzuri kidogo. Anauliza tena, juu ya nini bantu banabadilisha fari na habaniulize minyi. Tangu siku ile motokari ilinigonga, niko mbele yake. Akienda Kaniama, minakimbia mbele mupaka Kaniama. Akirudi, minarudi naye. Na mashimo yote yale! Mi muntu muzee, kuku. Ambia ule muntu nimechoka.”

Hivyo ndivyo Kyungu alivyojua ni gari gani lililomgonga. Kwamba ni gari, watu wote walikuwa wanajua, kwa sababu mtaroni pale palikuwa na vipande vya kioo na alama za matairi membamba. Lakini mabwana wa serikali waliokuja kutazama walisema mama huyu ni mzee, ameteleza kwenye matope, ameanguka. Walisema hivyo wakiwa wamesimama juu ya vile vioo, vikilialia chini ya viatu vyao.

Kyungu alizima taa, akafunga banda, akarudi kwake akiwa na hasira ambayo hakujua aitue wapi.

Uani moto wa kilio ulikuwa unawaka kama ulivyowaka tangu mvua za kwanza. Padri alikwisha kusoma misa zamani, na msalaba ulikwisha kusimamishwa kaburini, lakini misa ni misa na kilio ni kilio. Katika ukoo wa Mama Ndaya, mtu akiuawa kwa mkono wa mtu, hata kwa bahati mbaya, kilio chake hakimalizwi mpaka yule aliyemuua aje, akae chini kwenye mkeka mbele ya wafiwa, aseme kwa kinywa chake, “Njo minyi,” yaani ndiye mimi niliyeua. Hatozwi kitu wala hapigwi. Akishasema, moto unazimwa, watu wananyolewa nywele, kila mmoja anashika njia ya kwao. Asiposema, wanakaa.

Basi walikuwa wamekaa. Mama Ndaya alikuwa na ndugu wengi huko Kabongo na wote walikuwa na miguu mizuri. Walilala uani, kwenye baraza, jikoni, na wawili walilala chini ya kitanda cha Kyungu. Unga uliisha kabla ya wiki kuisha. Mujinga, mke wa Kyungu, binti wa marehemu, hakuruhusiwa kupika wala kulala ndani wala kuchana nywele. Alikaa kwenye mkeka pembeni ya moto akimnyonyesha Léa, kitoto chao cha kwanza, ambaye ndiye Mama Ndaya alikuwa anakuja kumwona siku ile kwa miguu kutoka kijijini.

“Nimemuona mama yako,” Kyungu alimwambia. “Iko mu fari ya Bwana Pirotte.”

Mujinga alimhamisha mtoto kutoka titi moja hadi jingine.

“Alikula?”

“Sikumuuliza.”

“Iko na kuku?”

“Iko nayo.”

“Ile kuku ilikuwa yangu,” Mujinga alisema. “Ya kunipikia mchuzi, juu nilizaa.” Kisha akalia, si kwa sauti ya kilio waliyokuwa wanaitoa asubuhi na jioni kwa zamu, bali kimya kimya, na machozi yakamdondokea mtoto kichwani.

Mjomba wake Kapenda, kaka wa marehemu, ndiye aliyekuwa mkubwa wa wageni. Alikuwa na tumbo zuri na roho iliyotulia. Alisikiliza habari yote, akaitikia kwa kichwa kwa kuridhika.

“Basi iko bien. Sasa tunamujua,” alisema. “Muzungu anakuya hapa, anaikala chini, anasema ‘njo minyi’, tunazima moto, tunarudia kwetu. Siye hatuko bantu ba mambo mingi. Baba Léa, utamuambia kesho.”

“Minyi?”

“Njo weye uko na kazi kwake.”

Kyungu alitazama gunia tupu la unga lililokunjwa chini ya Kapenda kama mto.

Kesho yake Bwana Pirotte ndiye aliyeanza. Alimkuta Kyungu akitoka kanisani, akamwita kando ya barabara mbele ya watu wote.

“Fari yako ni mubaya! Iko na mwanamuke ndani!”

“Iko mbele, Bwana. Hapana ndani.”

“Sitaki kujua! Jana nilienda ku serkle kunywa na benzangu, anakimbia mbele yangu balabala yote. Napiga honi, hatoki. Toa ile ya camion, nitaagiza ingine.”

Taa nyingine ilifika kwa treni kutoka Élisabethville, ndani ya sanduku lililojaa nyasi kavu, na mahali fulani karibu na Bukama mtu alikuwa ameliweka chini ya mzigo wa samaki, kwa hiyo ilinuka. Kyungu aliifunga. Mama Ndaya alisimama mbele yake vile vile, ila sasa alionekana vizuri zaidi, hata mshono wa kitambaa chake, na alilalamika kwa kuku kuhusu harufu. Bwana Pirotte akaamuru taa ya kulia iletwe kushoto na ya kushoto ipelekwe kulia. Kyungu akafanya. Mama Ndaya alibaki upande wa kushoto, kwa kuwa ndiko alikogongwa. Bwana Pirotte akaamuru kushoto kusiwe na taa kabisa. Kyungu akaitoa, akaacha mguu mtupu, na mwanga ukawaka pale pale pasipo na taa, mweupe, na mama mkwe katikati yake akiwa amejishika kiuno kwa uchovu.

Kila mara Kyungu alifanya kazi hiyo akiwa ameupa mwanga kisogo, akipapasa nyuma yake kama mtu anayejikuna mgongo. Shingo ilianza kumuuma kuliko mgongo. Bwana Pirotte alimwuliza ni fundi gani anayetengeneza taa bila kuitazama, na Kyungu akajibu kwamba ni mkwe. Jibu hilo halikumsaidia mtu.

“Bwana,” alisema hatimaye, akiwa na bisibisi mkononi na uso ukutani, “fari haiko mugonjwa. Nimebadilisha kioo, nimebadilisha waya, nimebadilisha ampuli. Uyu mama anangoja neno moja tu. Unakuya kwetu, unaikala chini, unasema ‘njo minyi’. Hakuna muntu atakuomba kintu. Anaenda kwake, na bantu bangu banaenda kwabo.”

Bwana Pirotte aliwasha sigareti. Mikono yake ilikuwa safi.

“Minyi niligonga nyama,” alisema.

Mama Ndaya, aliyekuwa amesimama hatua mbili mbele yake, alimwambia kuku asikilize upuuzi huo.

Mambo yangeweza kukaa hivyo, kila mtu na ukaidi wake, kama Bwana Pirotte asingekwenda kushtaki. Alikwenda kwa bwana wa polisi, kijana mwenye masharubu membamba ambaye alikuwa bado hajamaliza mwaka mmoja nchini na alipenda kila kitu kiwe mahali pake. Akamwambia kwamba kuna mwanamke mweusi anayemzuia barabarani. Bwana wa polisi akaja jioni nyumbani kwa Bwana Pirotte, gari likawashwa mbele ya baraza, akamwona. Alimzunguka pande zote. Akatoa saa yake mfukoni.

“Huyu anapitaka saa gani?” aliuliza.

“Saa yote minatembea na motokari,” alisema Bwana Pirotte. “Hata usiku, minatoka ku serkle.”

“Mu quartier ya bazungu? Usiku? Na iko na ruhusa?”

Kwa maana sheria ilikuwa wazi, mtu mweusi hakutakiwa kuonekana katika mtaa wa Wazungu baada ya saa za usiku kuanza bila karatasi ya ruhusa. Mama Ndaya hakuwa nayo. Hakuwahi kuhitaji karatasi kijijini kwake, na tangu afe hakuna aliyempa nafasi ya kwenda kuiomba. Bwana wa polisi aliuliza ni nani mwanamume anayehusika na mama huyu. Wakamwita Kyungu. Kyungu akaja, na nyuma yake akaja Mujinga na Léa mgongoni, ingawa mtu wa kilio hatakiwi kuuacha moto. Kapenda alimkataza. Mujinga alimwambia mjomba wake kwamba yule ni mama yake na moto hautakimbia.

Kyungu alipofika aliona mwanga, akaacha njia, akasimama kwenye maua ya Bwana Pirotte akitazama ukuta. Mujinga alitembea moja kwa moja hadi kwenye mwanga. Akamfungua mtoto mgongoni, akamwinua kwa mikono miwili.

“Mama, njo uyu. Léa.”

Mama Ndaya alimtazama mjukuu wake kwa muda mrefu. Injini ilikuwa inanguruma tu na vidudu vinazunguka taa. Mtoto alinyoosha mkono kuelekea kuku, akacheka.

“Pua ni ya baba yake,” Mama Ndaya alisema. “Masikini. Lakini macho ni yetu.”

“Mama, nani alikugonga?”

Mama Ndaya hakuinua mkono, mikono yake ilikuwa imeshika kikapu. Alimwonyesha kwa midomo, kama watu wote wanavyoonyesha, na midomo ilielekea kwa Bwana Pirotte aliyekuwa ameketi kwenye usukani.

“Njo ule. Alisimamisha motokari, akashuka, akaangalia fari yake. Akapangusa na leso. Mi niko mu mutaro namuita. Akapanda, akaenda.”

Mujinga akamgeukia bwana wa polisi. “Umesikia, Bwana?”

Bwana wa polisi alikuwa amesikia. Alisugua masharubu yake. Alisema kwamba hilo ni jambo la zamani, limekwisha kutazamwa na wakubwa wake, nao walikuta kwamba mama aliteleza. Jambo la leo ni ruhusa. Mtu huyu amepita usiku katika mtaa wa Wazungu, tena mara nyingi, na mwenye kumjibia ni mkwe wake, na mkwe wake atalala gerezani mpaka mambo yanyooke. Isipokuwa, aliendelea kwa upole, kwa sababu hakuwa mtu mbaya, isipokuwa wamtengenezee karatasi sasa hivi. Alikuwa nazo kwenye mkoba.

Mama Ndaya aliambiwa aweke kidole gumba. Akaweka. Karatasi ilibaki nyeupe. Akaweka tena, ikabaki nyeupe. Bwana wa polisi akasema basi binti yake aweke badala yake.

“Nitaweka,” Mujinga alisema. “Bwana Pirotte aseme kwanza. Hata hapa, ndani ya motokari yake. Hata asikuye ku kilio. Aseme tu, mama anasikia.”

Alikuwa na hasira ya miezi yote ile, ya nywele zisizochanwa, ya maziwa yaliyokuwa yanakauka kwa sababu hakuna aliyemchinjia kuku, na alikuwa tayari kuibadilisha yote kwa maneno mawili. Bwana Pirotte alimtazama yeye, akamtazama mama yake, akamtazama mtoto. Kwa muda kidogo kinywa chake kilifunguka na watu wote walidhani atasema.

“Minyi niligonga nyama,” alisema.

Askari mmoja aliyekuja na bwana wa polisi alikwisha kumshika Kyungu mkono kule kwenye maua. Kyungu hakugeuka hata kumtazama mkewe, maana kugeuka kungekuwa kumtazama na mama yake.

“Weka, mwanangu,” Mama Ndaya alisema. “Fundi ni mubaya, lakini ni bwana yako.”

Mujinga akaweka kidole gumba. Karatasi ilisema kwamba mwenye kuishika anaruhusiwa kupita katika mtaa wa Wazungu saa zote za usiku, mbele ya gari la Bwana Pirotte, si pembeni wala nyuma. Bwana wa polisi alisoma kwa sauti ili kila mtu aelewe, akaikunja, akampa Bwana Pirotte aitunze kwenye kigari, kwa kuwa mama alikuwa na mikono yote miwili juu ya kikapu.

Tangu hapo Bwana Pirotte hakulalamika tena. Alizoea. Aligundua hata kwamba Mama Ndaya aliijua barabara ya Kabongo kuliko mtu yeyote, shimo kwa shimo, na kwamba akifuata miguu yake kigari chake hakikwaruzwi tena. Huko serkle aliwaambia wenzake kwamba Kamina nzima hakuna taa ya kushoto nzuri kama yake. Wenzake walitoka nje kuitazama wakiwa na glasi mkononi, wakakubali.

Jioni ile, kabla ya yote hayo, Kyungu na Mujinga walirudi nyumbani wakiwa wamechoka na mtoto amelala. Wageni wote walikuwa wameamka, wamekaa kuuzunguka moto, vifurushi vyao vimefungwa tayari kwa safari. Mmoja alikuwa ameshanoa wembe wa kunyolea.

“Alisema?” Kapenda aliuliza.

“Anasema aligonga nyama,” Mujinga alisema. Akatandika kitambaa chake kwenye mkeka pembeni ya moto, akamlaza mtoto, akalala ubavuni mwake akiwapa watu mgongo.

Kapenda akafungua kifurushi chake, akaitoa sufuria, akairudisha mahali ilipokuwa inakaa. Wengine wakafungua vya kwao. Hakuna aliyelaani wala kugombana.

Jumatatu iliyofuata Kyungu aliporudi kutoka atelye alikuta wageni wamelima kiwanja chote nyuma ya nyumba, kuanzia kwenye choo hadi mtaro wa reli. Matuta yalikuwa yamenyooka vizuri. Walikuwa wanafanya kazi kwa mstari, wanawake mbele, wanaume nyuma, na Kapenda mwenyewe alikuwa ameinama na jembe.

“Mahindi?” Kyungu aliuliza. Moyoni alikuwa anahesabu miezi, mahindi hayachelewi kuvunwa.

Kapenda alijinyoosha mgongo, akapangusa jasho, akamwonyesha fungu la vijiti chini ya miguu yake.

“Hapana, Baba Léa,” alisema. “Mihogo.”